Fleti chakavu katikati ya jiji: ninunue au niachane nayo?

Shikamoo Mshauri,

Mimi na mume wangu tumeishi nyumba za kupanga tangu tulipooana, na kwa kujinyima tumefikisha akiba ya kununua kwetu. Shida ni kwamba akiba hiyo haifikii fleti iliyokamilika katikati ya jiji, karibu na kazini na shule ya watoto. Inafikia fleti mpya ndogo nje kabisa ya jiji, au fleti kuukuu mjini ambayo tutaibomoa ndani mpaka tubaki na kuta, kisha tuijenge upya. Mume wangu anaitaka hiyo mpya. Mimi naitaka ya mjini, kwa sababu sitaki watoto waamshwe usiku wa manane ili wawahi basi la shule.

Nimezunguka na madalali mpaka miguu imevimba, na sasa zimebaki mbili.

Ya kwanza iko ghorofa ya juu kabisa. Mwenyewe ameipaka rangi, ameweka kabati mpya jikoni na vigae vipya sebuleni. Bafu tu ndilo la zamani. Dari ya chumba kimoja ina kiraka cha rangi nyeupe kuliko sehemu nyingine. Ngazi za jengo zina giza, lifti haifanyi kazi, na kule chini kwenye maegesho niliona nguzo mbili ambazo zege limebanduka, nondo ziko nje na zina kutu. Dalali aliniambia hayo ni mambo ya sura tu, yanapigwa lipu yanaisha.

Ya pili iko ghorofa ya tatu katika jengo jingine. Ilikuwa ya mama mmoja mzee ambaye sasa ni marehemu, na haijakaliwa kwa muda mrefu. Ndani inatisha: sakafu ya mbao imeoza karibu na mlango wa bafu, nyaya zinaning'inia, nyuma ya kabati ukuta una ukungu mweusi, choo hakivuti. Lakini ngazi ni safi, dari iko juu, madirisha yapo pande mbili na upepo unapita. Wanaouza ni warithi wanne, ingawa tunayeongea naye ni mmoja.

Mume wangu alipoingia hii ya pili hakumaliza hata vyumba. Alisema hawezi kuzika akiba yetu yote mahali pale. Toka siku hiyo tukilizungumza jambo hili tunaishia kununiana.

Naomba unisaidie. Ipi kati ya hizi mbili? Na kama zote hazifai, nitafuteje, maana matangazo mengi yanaficha? Ningependa pia kuondoa ukuta ulio kati ya jikoni na sebule, na kukihamisha choo upande wa pili wa fleti ili chumba chetu kiwe na bafu lake. Inawezekana? Halafu dalali wa hii ya pili anasema kuna mnunuzi mwingine, hivyo nitoe kishika nafasi wiki hii.

Mama wa Wawili

Jibu la Mshauri

Marahaba mwanangu, na pole kwa mizunguko.

Ile ya kwanza iache. Hii ya pili ifuatilie, lakini usitoe hata senti moja mpaka umefanya nitakayokuambia.

Najua inashangaza kuambiwa uiache yenye kabati mpya ukaikimbilie yenye sakafu iliyooza. Nimeifanya kazi ya kukagua majengo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo ninalolitazama kwanza ni ubovu uko upande gani wa ukuta. Ulio ndani ya fleti yako ni wako: ukiamua leo kung'oa bafu, unaling'oa. Ulio nje ya kuta zako, kwenye nguzo, paa, msingi, bomba kuu la maji taka au lifti, ni mali ya wote, na hutaugusa mpaka wamiliki wenzako wakubali na watoe fedha. Kati yao wapo wasiokaa hapo, wapo wasio na uwezo, na wapo watakaokwambia jengo limesimama miaka yote hii, lina nini?

Zile nguzo za maegesho si mambo ya sura. Nondo ndani ya zege zuri hazishiki kutu kwa urahisi, kwa sababu saruji huzizungushia hali ya ualkali inayozilinda. Kinga hiyo hupungua hewa na maji vinapopenya kwa miaka, au chumvi inapofika kwenye chuma. Kutu ikianza, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kubanduka. Ulichokiona wewe ni hatua ya mwisho ya jambo lililoanza zamani. Ukipiga lipu juu yake, unaificha tu kutu iendelee kula chuma.

Tarehe 24 Juni 2021, sehemu kubwa ya jengo la fleti la Champlain Towers South, huko Surfside katika jimbo la Florida, Marekani, iliporomoka usiku watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98. Miaka mitatu kabla ya hapo, mnamo 2018, mhandisi alikuwa ameandika kwamba kizuia maji cha eneo la bwawa la kuogelea kimeshindwa na kwamba zege lililo chini yake limeharibika vibaya. Wamiliki walizipokea habari hizo, wakavutana muda mrefu kuhusu gharama na michango, na matengenezo makubwa yalikuwa bado hayajafanyika eneo hilo jengo lilipoanguka. Ndani ya fleti zile kulikuwa na majiko mazuri na sakafu za kupendeza. Sisemi jengo uliloliona litaanguka, hilo ni la mhandisi kulisema akiwa amesimama mbele ya nguzo. Ninachosema ni kwamba hakuna kabati ya jikoni inayoweza kufidia nguzo ya namna hiyo.

Na kiraka cha rangi kwenye dari ya ghorofa ya mwisho? Juu yake kuna paa. Mwenye nyumba amepaka mahali maji yalipotokea, paa lenyewe hajaligusa, maana si lake peke yake. Tena tazama fedha yake ilikokwenda: sebuleni na jikoni, panapoonekana. Bafu, penye kazi ya gharama na isiyopigika picha, kaliacha. Ungenunua ukarabati wake kwa bei ya ukarabati, kisha uvibomoe vigae vyake vipya ili uyafikie mabomba ya zamani yaliyo chini.

Sasa hii ya pili. Yote uliyoyataja yako ndani ya kuta: sakafu, nyaya, ukungu, choo. Na yale ambayo hakuna fundi anayeweza kukujengea unayo tayari, yaani urefu wa dari, mwanga, upepo wa pande mbili na jengo linalotunzwa. Kwa hiyo inastahili kuchunguzwa. Ila chunguza kweli, kwa maana kila ubovu kati ya hayo una sura mbili, ya kuvumilika na ya kukufilisi.

Anza na sakafu iliyooza. Muombe muuzaji ruhusa ya kuondoa mbao mbili au tatu pale penye uozo, pamoja na mhandisi. Ukikuta mbao zimelazwa juu ya zege, umebahatika, utazitupa na kuweka nyingine. Ukikuta zimekaa juu ya boriti za mbao, hapo fungua zaidi. Chukua bisibisi uichome boriti kwenye ncha yake, pale inapoingia ukutani. Mbao nzima hukataa, mbao iliyooza huimeza ncha ya bisibisi bila kelele. Boriti iliyooza kichwani ndiyo inayobeba sakafu yako na dari ya jirani wa chini, na bei yake ni nyingine kabisa. Muuzaji anayekataa usifunue hata ubao mmoja, hesabu kwamba boriti zimeoza, na umpe bei ya boriti zilizooza.

Kisha shuka ghorofa ya pili ugonge mlango. Jitambulishe kwa adabu, useme unafikiria kununua juu, uombe kuona dari ya bafu lao. Mara nyingi watakukaribisha kwa furaha, maana wana malalamiko ya miaka na hawajapata wa kumwambia. Ukiona madoa ya kahawia yenye kingo kama ramani, uliza ni ya lini na kama hukua bafu la juu linapotumika. Fika pia ghorofa ya chini kabisa. Wa chini ndio wanaopandiwa na maji machafu bomba kuu linapoziba, kwa hiyo wao ndio watakaokwambia kama choo chako hakivuti kwa sababu ya kipande chako cha bomba au kwa sababu ya bomba la jengo zima.

Ukiwa bado mle ndani, funga mabomba yote na utazame mita ya maji. Fleti haina mtu, kwa hiyo sindano yake haina sababu ya kutembea. Ikitembea, kuna mvujo. Baadaye fungua bomba la jikoni na la bafu kwa pamoja. Maji yakija kwa unyonge na yana rangi ya kutu, hayo ni mabomba ya chuma cha mabati yaliyojifunga kwa ndani. Baada ya miaka 40 au 50 mengi huwa hivyo. Utayabadilisha yaliyo yako, lakini uliza lile linalopanda kutoka chini ni la chuma gani na lilibadilishwa lini.

Ukungu nao usiuogope kwa rangi yake, uogope kwa asili yake. Ukiwa kwenye ukuta wa nje, nyuma ya kabati iliyobanwa pale miaka mingi, huenda ni mvuke na kukosa hewa tu, na kwenye fleti iliyofungwa hilo ni la kawaida. Ukiwa kwenye ukuta wa pamoja na bafu, kuna bomba linavuja. Ukianzia juu na kushuka, maji yanatoka kwa jirani, na kabla ya kununua lazima ujue kama jirani huyo yuko tayari kutengeneza. Kuupaka rangi bila kumaliza maji ni kutupa fedha.

Umeme usiuchunguze sana, hesabu kuwa wote unatolewa. Nyaya za zamani zilizovikwa mpira hukauka na kukatika ganda ukizigusa. Jambo la kuuliza ni nguvu inayoingia kwenye fleti kutoka kwenye mita ya jengo, kama inatosha jiko la umeme na kiyoyozi, kwa sababu kuongeza njia hiyo huenda kukahitaji kibali cha jengo na cha shirika la umeme. Fundi umeme awe na leseni, si kishoka, na kwenye bodi yako adai kuweka kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachokata umeme mara mtu anapopigwa nao. Una watoto, hicho usikipunguze ili upate fedha ya taa za mapambo.

Kuhusu ukuta wa jikoni: inawezekana, kama ukuta huo haubebi kitu. Katika jengo la fremu ya zege, nguzo na boriti ndizo zinazobeba, na kuta nyingi za katikati ni za kugawa vyumba tu. Katika jengo la matofali au la paneli za zege zilizopangwa, ukuta ndio nguzo. London, mwezi Mei 1968, mlipuko wa gesi katika fleti moja ya ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point ulisukuma nje paneli za ukuta, na pembe nzima ya jengo ikashuka ghorofa moja juu ya nyingine. Usimwamini fundi anayegonga ukuta kwa ngumi akakwambia huu ni mwepesi. Mhandisi wa miundo aangalie michoro, aangalie kama ukuta uleule uko ghorofa ya pili na ya nne, aandike na atie saini. Uliza pia kama kwenye ghorofa za chini kuna aliyewahi kuubomoa wake. Hilo linasahaulika sana, na wewe ndiye uliyekaa juu yake.

Kuhamisha choo upande wa pili wa fleti, hapo nakushauri uache. Bomba la choo lina upana wa sentimita 10 hivi, na linahitaji mteremko, tuseme sentimita 2 kwa kila mita. Kikiwa mita 3 kutoka bomba kuu, unahitaji sentimita 6 za mteremko juu ya unene wa bomba lenyewe, na ukiongeza saruji na vigae sakafu ya bafu inapanda karibu sentimita 20. Kila anayeingia chooni atapanda ngazi. Pili, chooni kwako kutakuwa juu ya chumba cha kulala cha jirani, jambo ambalo majengo mengi hayaruhusu, na hata yanayoruhusu utakuwa umejitafutia ugomvi wa kudumu. Vyumba vya maji vibaki juu ya vyumba vya maji. Kama ni lazima chumba chenu kiwe na bafu, geuza vyumba: chumba kilicho ukuta mmoja na bomba kuu kiwe chenu.

Kabla ya nyundo ya kwanza, lichukulie kwa uzito suala la asbesto, yaani madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa kwenye vifaa vya ujenzi, na rangi yenye risasi, madini yenye sumu. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku ya asbesto mwaka 2005, Uingereza mwaka 1999, na Marekani ilikataza rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Kwingine vitu hivi vilitumika muda mrefu zaidi. Katika fleti ya zamani asbesto inaweza kuwa kwenye vigae vya plastiki na gundi yake, kwenye kitambaa cha kuhifadhi joto la mabomba, au kwenye bodi za dari. Ikitulia haina madhara makubwa. Ikisagwa, vumbi lake linaingia mapafuni na huleta saratani. Peleka vipande maabara kabla ya kubomoa, na watoto wasikanyage pale mpaka vumbi lote limetolewa. Msisugue rangi ya zamani ikiwa kavu.

Mume wako sasa. Mwanangu, kwa fleti ile mpya sikubaliani naye, lakini hofu yake juu ya fedha ni ya haki na hujaijibu. Anaona bei ya kununua, na nyuma yake anaona shimo lisilo na kipimo. Kipime. Mlete mkadiriaji majenzi aipitie fleti ya pili na atoe mchanganuo wa kazi na vifaa. Juu yake weka ada za wakili na kodi za uhamisho, weka kodi ya nyumba mnayopanga kwa miezi yote ambayo hamtaweza kuhamia, halafu weka akiba ya asilimia 20 ya gharama ya ukarabati kwa yale ambayo hayataonekana mpaka lipu itolewe. Yatakuwepo. Kama jumla hiyo inazidi akiba yenu, fleti hii si yenu hata kama moyo wako umelala pale. Mwombe yeye ndiye asimamie hesabu hiyo, na ukubali jibu lake litakavyotoka. Sidhani mtanuniana tena mkiwa na karatasi moja mezani.

Mkihesabu miezi, msikubali ahadi ya fundi ya kumaliza haraka. Sakafu mpya ya saruji hukauka kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, tena penye hewa ya kutosha, na ikizidi milimita 40 kasi hupungua. Sakafu ya sentimita 5 peke yake ni kama miezi miwili kabla ya kuilaza mbao juu yake. Ukiharakisha, mbao zinavimba na kuinuka, na fundi keshaondoka.

Mpangilio wa kazi mafundi wazuri wanaujua: kubomoa na kutoa kifusi, miundo, mabomba na nyaya, lipu, sakafu, vigae, useremala, rangi. Nitakushikilia kwenye mahali pamoja tu, bafuni. Kizuia maji kipakwe sakafu yote na kipande ukutani, na kwenye eneo la kuogea kifike juu ya kichwa cha bomba la mvua. Kabla kigae cha kwanza hakijawekwa, zibeni tundu la sakafu, mjaze maji ya sentimita chache, mwache saa 24, na muwe mmemwomba jirani wa chini atazame dari yake jioni na asubuhi. Fundi atasema ni kupoteza siku. Mlipe siku hiyo. Na kabla ya lipu kufunika mabomba na nyaya, piga picha kila ukuta ukiwa umeweka futi pembeni, ili miaka kumi ijayo anayetoboa kutundika kioo ajue bomba limepita wapi.

Umeuliza utafuteje kama hii itashindikana. Tafuta jengo kwanza. Chagua mitaa mitatu au minne unayoweza kuishi, itembee kwa miguu, na andika majengo ambayo ngazi zake zinafagiliwa, taa za njia zinawaka na kuta za nje hazina nyufa ndefu. Nenda tena siku ya mvua, ndiyo siku ambayo jengo halidanganyi. Halafu ongea na walinzi, wasafishaji na mafundi wanaofanya kazi humo: fleti ipi imefungwa muda mrefu, nani amehamia kwa mwanawe, mpangaji gani analalamikia mwenye nyumba asiyetengeneza chochote. Fleti za aina unayoitaka nyingi hazifiki kwenye matangazo. Zikifika, ni yale matangazo ambayo yamekaa miezi, yana picha mbili, moja ya barabara na moja ya mlango, kwa kuwa dalali ameona aibu kupiga ndani. Hayo wengine huyaruka, wewe yapigie simu. Dalali umwambie wazi unataka ambayo haijakarabatiwa kabisa. Ukisema unataka ya bei nafuu atakupeleka kwenye rangi mpya. Mnada mwogope, kwa kuwa mara nyingi hupewi nafasi ya kuingia na kuchoma boriti.

Turudi kwa warithi na kishika nafasi.

Warithi ni wanne na unaongea na mmoja. Hata awe mwaminifu vipi, hawezi kukuuzia sehemu za wengine bila mamlaka. Wakili wako, si wa dalali, aombe hati ya usimamizi wa mirathi au nyaraka inayolingana nayo kwenye sheria ya kwenu, aone idhini ya wote wanne kwa maandishi, kisha akague daftari la msajili kama fleti ina rehani, zuio au kesi. Alinganishe pia ukubwa ulioandikwa na uliopo. Baraza iliyozibwa kuwa chumba bila kibali itakuwa kosa lako siku utakapokuwa mmiliki. Kutoka kwa uongozi wa jengo aombe mihtasari ya mikutano ya wamiliki ya miaka mitatu iliyopita na taarifa ya malimbikizo. Marehemu akiwa aliacha deni la ada ya matunzo, likatwe kwenye bei. Mihtasari hiyo isome wewe mwenyewe, neno kwa neno. Humo ndimo utakapoona kama paa limejadiliwa mara tatu bila fedha kupatikana.

Mnunuzi mwingine huenda yupo kweli. Mjibu dalali hivi: mko tayari kutoa kishika nafasi, kitakaa kwenye akaunti ya wakili, kwa makubaliano yaliyotiwa saini na warithi wote wanne, na kitarudi chote iwapo hati ina kasoro au mhandisi atakuta boriti au muundo umeharibika. Mpe tarehe, wiki tatu zinatosha. Warithi wenye nia ya kuuza hawatalikataa hilo, maana fleti inayotisha kama ile haina foleni mlangoni. Wakitia saini wote, na mhandisi akatoka pale ameridhika, na hesabu ya mume wako ikakaa, nunueni. Mmoja wa warithi asipopatikana, au ikitakiwa fedha mkononi bila karatasi, endelea kutafuta, lakini mwachie mlinzi wa jengo lile namba yako ya simu. Jengo linalotunzwa vile lina fleti nyingine za wazee, na siku moja mojawapo itauzwa.